Mtihani wa mazoezi wa bure wa telc C1 Hochschule: sikio litafaidika, kalamu itahitaji msaada zaidi

Anayetaka kusoma chuo kikuu Ujerumani kwa Kijerumani huombwa cheti cha lugha, na telc Deutsch C1 Hochschule (C1 ni ngazi ya tano kati ya sita za umahiri wa lugha, A1 hadi C2) ni kimojawapo cha vyeti vinavyopokelewa, sambamba na TestDaF na DSH. Watunzi wake, telc ya Frankfurt am Main, wameweka kwenye tovuti yao mtihani mzima wa mazoezi unaoitwa Übungstest 1. Hulipi chochote zaidi ya bando lako. Unapata PDF yenye maswali, karatasi ya majibu, majibu sahihi, vigezo vya kusahihishia na maandishi ya kila kinachosemwa kwenye sauti, pamoja na sauti yenyewe. Hapa tunaupima kwa sehemu mbili tu, kusikiliza na kuandika, kwa sababu ndizo zinazowatoa watu jasho hata baada ya kusoma kozi hadi mwisho.

Tukitoa alama kwa tano: kusikiliza unapata nne, kuandika mbili na nusu. Sababu zinafuata.

Kwanza ujue mizani ya mtihani wenyewe, maana wengi hujiandaa bila kuijua. Sehemu ya maandishi ina alama 166: kusoma 48, sarufi na msamiati (Sprachbausteine) 22, kusikiliza 48, kuandika 48. Kuzungumza kuna 48 zake peke yake. Ili ufaulu unatakiwa kupata asilimia 60 ya jumla ya maandishi na asilimia 60 ya kuzungumza. Hakuna kiwango cha chini kwa kila ujuzi ndani ya maandishi. Kwa hiyo mwenye 40 katika kusoma na 16 katika Sprachbausteine ana 56 mkononi, na kati ya alama 96 za kusikiliza na kuandika anahitaji kama 44 tu. Hesabu hiyo inabadilisha namna ya kugawa muda wa kujiandaa. Mwenye sikio zito haimlazimu kuwa bingwa wa kusikiliza. Inamlazimu asivuje alama za bure.

Ratiba ya siku ni dakika 90 za kusoma na Sprachbausteine, mapumziko ya dakika 20, dakika 40 hivi za kusikiliza, kisha 70 za kuandika. Yaani insha unaiandika ukiwa umeshachoka. Ndiyo maana kufanya kipande kimoja kimoja cha mtihani huu, leo kusikiliza na kesho kuandika, kunakupa picha ya uongo. Angalau mara moja keti ufanye kusikiliza na kuandika mfululizo, bila kusimama.

Kusikiliza: maswali 47 hadi 74

Sehemu hii ina vipande vitatu, na kila kipande unakisikia mara moja tu. Hilo peke yake linatosha kuutofautisha na mazoezi mengi ya darasani, ambako mwalimu hurudisha sauti hadi kila mtu aridhike.

Kipande cha kwanza kina wazungumzaji wanane na sentensi kumi. Mbili hazina mwenyewe. Kila jibu lina alama moja, jumla nane. Mtego ni ule ule kila mara: neno lililo kwenye sentensi linatamkwa na mtu asiyehusika, na mtu anayehusika analisema wazo hilo kwa maneno mengine kabisa. Muda wa kusoma sentensi kabla sauti haijaanza usiupoteze kwa kutafsiri. Tafuta zile mbili au tatu zinazofanana, upigie mstari neno linalozitenganisha. Sentensi moja ikisema mtu anapinga jambo na nyingine ikisema ana shaka nalo, tofauti hiyo ndiyo utakayoulizwa. Ukikosa mmoja, mwache aende. Anayeng'ang'ania mzungumzaji wa tatu hupoteza na wa nne.

Kipande cha pili ni mahojiano yenye maswali kumi ya kuchagua a, b au c, alama mbili kila moja. Maswali yanafuata mpangilio wa mazungumzo, na hiyo ndiyo kamba ya kushikilia: ukipotea, subiri mwulizaji aulize swali jipya, kisha ujiulize linaangukia namba gani. Makosa ya hapa yana sura tatu. Ya kwanza, wazo la mwulizaji kuchukuliwa kama la mgeni. Ya pili, Konjunktiv, umbo la kitenzi la kudhania: mgeni akisema *das hätte man anders lösen können*, jambo hilo halikufanyika, lakini msikilizaji mwenye haraka anachukua jibu linalosema lilifanyika. Ya tatu ni vineno vidogo vinavyopunguza nguvu ya kauli, kama *kaum*, *allenfalls*, *lediglich*, *nicht unbedingt*. Mtu anazijua zote akizisoma. Zikipita masikioni kwa kasi hazimwachii kitu.

Kipande cha tatu ndicho kinachostahili jasho lako. Ni mhadhara. Mbele yako una slaidi zenye nafasi kumi tupu, alama mbili kila moja, na unajaza ukisikiliza. Hakuna a, b, c ya kukuokoa. Mtu huteleza hapa kwa sababu bado anaandika jibu la 67 wakati msemaji ameshafika 69. Jiwekee sheria: maneno matatu, ikizidi sana matano, kisha inua macho usome kichwa cha nafasi inayofuata. Hakuna anayetaka sentensi kamili. *Mieten gestiegen* inatosha. Fupisha kwa alama zako mwenyewe, mshale wa juu kwa ongezeko, wa chini kwa upungufu, halafu uzigeuze kuwa maneno yanayosomeka msemaji anapovuta pumzi. Mhadhara mzuri unakuonyesha njia: *ich komme nun zu*, *ein weiterer Aspekt*, *im Gegensatz dazu*, *daraus ergibt sich*. Ukisikia moja ya hizo, ujue nafasi inayofuata inakaribia.

Tarakimu zina shida yake. Kiswahili kinasema arobaini na saba, Kijerumani kinaanza na saba: *siebenundvierzig*. Anayeandika tarakimu kadiri anavyoisikia huishia na 74. Kuna njia mbili. Ama usubiri neno liishe ndipo uandike, ama uandike 7 ukiacha nafasi kushoto, kisha uiweke 4. Chagua moja uizoeze mpaka mkono uizoee. Kuchanganya zote mbili siku ya mtihani ni kujitafutia balaa. Halafu kuna *knapp* na *gut*. *Knapp 40 Prozent* ni chini kidogo ya 40, *gut 40 Prozent* ni juu kidogo. Anayeandika 40 tupu ameacha sehemu ya habari.

Namna ya kuitumia sauti moja bila kuimaliza siku moja

Hapa ndipo mtihani huu wa bure unapopata alama nne, na pia ndipo unapopoteza ya tano. Upo mmoja. Ukishaisikia sauti, kama kipimo imekwisha, kwa kuwa mara ya pili unakumbuka. Basi usiifungue siku ya kuipakua. Pakua, hifadhi, ifanye karibu wiki sita kabla ya mtihani, ukiwa bado na muda wa kurekebisha kitu.

Fanya na karatasi ya majibu iliyochapishwa, penseli laini mkononi, na sauti itoke kwenye spika iliyo mbali kama mita tatu. Usitumie visikizi. Rekodi hizi zimefanywa studio, wasemaji wanatamka vizuri na hakuna kelele nyuma, na ukiongeza visikizi juu yake unapata alama ambazo chumba chenye mwangwi na feni hakitakupa.

Baada ya kujisahihisha, usiishie kuhesabu. Chukua maandishi ya sauti yaliyo mwishoni mwa PDF, na kwa kila jibu ulilokosa andika sababu moja kati ya tatu. Hukulijua neno. Ulilijua lakini hukulisikia. Ulilisikia ukaingia kwenye mtego. Hayo ni magonjwa matatu yenye dawa tatu tofauti, na kosa kubwa la wanaojiandaa peke yao ni kuyatibu yote kwa "kusikiliza zaidi".

Neno usilolijua linatibiwa kwa msamiati wa mada: elimu, afya, mazingira, kazi, teknolojia, miji. Neno ulilolijua bila kulisikia linatibiwa kwa imla. Kata kipande cha sekunde 30, kisikilize mara tatu, andika kila kitu, linganisha na maandishi. Utagundua unachopoteza ni miisho na maneno yaliyomezwa: *haben* inasikika *ham*, *einen* inabaki *'nen*, *ihm* na *ihn* zinafanana, *worden* inapotea mwishoni mwa sentensi. Na katika vishazi tegemezi kitenzi kinakaa mwisho, hivyo sikio lililozoea Kiswahili, ambamo kitenzi hutoa habari zake mapema, linachoka kungoja. Imla ya dakika kumi kila siku kwa mwezi hufundisha sikio kuwa na subira kuliko saa tatu za redio inayosikika huku unapika. Mitego inatibiwa kwa kurudia kipande cha pili na maandishi mbele yako, ukitafuta ni neno gani hasa lililofanya majibu mawili mengine yawe ya uongo.

Kwa kuwa sauti ni moja, chakula cha kila siku kitoke kwingine. Deutsche Welle wana *Langsam gesprochene Nachrichten*, taarifa ya habari ya kila siku inayosomwa polepole pamoja na maandishi yake. Inafaa kwa imla, lakini anayelenga C1 asikae hapo muda mrefu. Mwendo ule hautaukuta kwenye mtihani. Kwa kipande cha tatu kilicho bora ni *Hörsaal*, kipindi cha redio ya Ujerumani Deutschlandfunk Nova, ambacho hurusha mihadhara halisi ya wanazuoni. Chukua dakika kumi za mwanzo, chora slaidi yako yenye vichwa vitano, ujaze. Hakuna majibu ya kulinganisha, ni kweli, ila mkono unazoea kuandika huku sikio likiendelea kufanya kazi.

Kuandika: dakika 70, maneno 350

Unapewa mada mbili, unachagua moja, na unaandika insha ya hoja yenye maneno yasiyopungua 350. PDF inakupa mada na vigezo vinne: kama umejibu ulichoulizwa, usahihi wa lugha, upana wa msamiati na miundo, na namna maandishi yanavyoshikana na kumfikia msomaji. Vigezo hivyo visome kabla ya kuandika hata insha moja, kwa sababu vinaonyesha kwamba sarufi safi ni sehemu moja tu. Insha isiyo na kosa lakini iliyokwepa nusu ya swali inaumia. Iliyotoka nje ya mada kabisa hainusuriki.

Upungufu wa bidhaa hii uko wazi: inakupa kipimo, haikupi mpimaji. Huwezi kujisahihishia kigezo cha nne. Ndiyo maana tumetoa mbili na nusu.

Gawa dakika 70 hivi: tatu za kuchagua mada, kumi za mpango, 42 za kuandika, 15 za kukagua. Dakika tatu za kuchagua zisigeuke saba. Chagua mada ambayo una mifano miwili halisi kichwani, hata kama ile nyingine inaonekana ya kisomi zaidi. Katika mpango andika hoja tatu, na chini ya kila moja mfano mmoja na kiunganishi kitakachoifungua. Kwa urefu, utangulizi maneno kama 50, aya tatu za 90 hadi 100, hitimisho 50. Unafika 370 hadi 400 bila kujaza maji. Usihesabu neno moja moja. Hesabu mistari mitatu ya mwandiko wako, tafuta wastani, zidisha. Anayeandika maneno tisa kwa mstari anahitaji mistari 40 kufika 360. Jua namba yako kabla ya siku yenyewe.

Makosa ya sarufi yanayojirudia kwa wanafunzi wetu hayatoki yote kwenye Kiswahili. Mengi yanatoka kwenye Kiingereza, kwa kuwa wengi Kijerumani tumekijia kupitia mlango huo. *Eventuell* inaandikwa ikimaanisha hatimaye, ilhali ni labda. *Aktuell* inatumiwa kwa maana ya kwa kweli, ilhali ni ya sasa. *Bekommen* inageuzwa kuwa "kuwa". Msahihishaji akikutana na *Viele Studenten bekommen Lehrer* ataelewa kwamba wanafunzi wanapewa walimu.

Viunganishi ndivyo vinavyobomoa insha nyingi. Mfano:

*Trotzdem es viele Vorteile gibt, ich finde Online-Vorlesungen nicht gut.*

Makosa ni mawili. *Trotzdem* ni hata hivyo, haianzishi kishazi tegemezi. Hapa inahitajika *obwohl*. Na kishazi tegemezi kikitangulia, kitenzi cha sentensi kuu kinafuata koma moja kwa moja. Ikirekebishwa:

*Obwohl es viele Vorteile gibt, halte ich reine Online-Vorlesungen für problematisch.*

Weka viunganishi katika makundi matatu daftarini. *Und, aber, denn, sondern, oder* havigusi mpangilio. *Deshalb, trotzdem, allerdings, dennoch, folglich* vikikaa mwanzo, kitenzi kinavifuata papo hapo. *Weil, obwohl, während, sodass* vinakipeleka kitenzi mwisho. Tunga sentensi tano kwa kila kimoja, zote kuhusu mada moja. Kazi hiyo ya jioni mbili inaokoa alama nyingi kuliko orodha ya misemo 200 ya kukariri.

Na kuhusu orodha hizo: kuna biashara kubwa ya Redemittel, misemo ya kubandika. Kumi hadi kumi na tano zinatosha. Insha inayoanza *In der heutigen Zeit spielt das Thema eine immer größere Rolle* inaweza kufungua mada yoyote duniani, na kwa sababu hiyo haisemi lolote kuhusu mada uliyopewa. Ikifuatwa na sentensi rahisi yenye makosa, tofauti kati ya kilichokaririwa na kilichotungwa inaonekana mara moja.

Katika dakika 15 za ukaguzi usisome insha kwa ujumla. Utaiona nzuri tu, ni yako. Pita mara tatu. Pito la kwanza vitenzi: kila kitenzi kiko mahali pake, kinapatana na mtendaji? Kama ulianza na *stellt*, je, *dar* ipo mwishoni? Pito la pili nomino: jinsia na uhusika, hasa baada ya *aufgrund, wegen, trotz, angesichts*, zinazodai Genitiv. Pito la tatu koma kabla ya *dass, weil* na viwakilishi rejeshi, na herufi kubwa za nomino. Kiswahili hakikuzoeza jicho lako kutafuta herufi kubwa katikati ya sentensi, kwa hiyo lipe kazi hiyo peke yake.

Kwa kusahihisha nyumbani, LanguageTool, programu ya kukagua maandishi, hukamata koma, herufi kubwa na sehemu ya makosa ya uhusika. DWDS, kamusi ya Kijerumani ya mtandaoni, hukuonyesha kitenzi gani huandamana na nomino gani. Vyote viwili haviwezi kukuambia kwamba hoja ya pili inarudia ya kwanza. Hapo lipia mwalimu. Kama una fedha za vitabu viwili vya mazoezi, nunua kimoja, na zilizobaki zilipie insha nne zilizosahihishwa na mtu anayevijua vigezo vya telc. Kisha kila insha iliyorudi iandike upya siku mbili baadaye bila kuitazama. Bila hatua hiyo ya mwisho, wino mwekundu umeununua bure.

Usichanganye mitihani

Faili nyingi zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram zimeandikwa tu "C1". Hazifanani. Goethe-Zertifikat C1, inayofanyika pia Goethe-Institut ya Nairobi, ilibadilishwa kuanzia Januari 2024: sasa ina moduli nne zinazofanywa pamoja au mbalimbali, kila moja ina alama 100 na inahitaji 60, na ya kuandika ni dakika 75 kwa matini mbili. Ile hesabu ya kubebwa na alama za kusoma haifanyi kazi huko. Mazoezi ya Goethe C1 ya kabla ya 2024 yanafaa kwa lugha, hayafai kwa muundo. TestDaF ya kompyuta nayo ina kazi saba za kusikiliza na mbili za kuandika, dakika 30 kila moja, ya pili ikiwa ya kufupisha habari za matini na mchoro. Huko unapiga chapa, na kwenye kibodi ya Kijerumani Y na Z zimebadilishana nafasi. Anayefanya TestDaF ajizoeze kibodi hiyo mapema, hata kwa kuibadilisha kwenye mipangilio ya kompyuta yake.

Kabla ya kulipa ada ya telc, uliza kituo mambo mawili: tarehe ya kutoka kwa matokeo, uilinganishe na siku ya mwisho ya maombi ya chuo, na tarehe ya mtihani unaofuata. Ukifaulu maandishi ukaanguka kuzungumza, au kinyume chake, sehemu uliyofaulu inahesabiwa hadi mwisho wa mwaka wa kalenda unaofuata, na unarudia ile nyingine tu. Lakini sehemu ya maandishi ikirudiwa hurudiwa yote, pamoja na kusoma na Sprachbausteine. Huwezi kurudia insha peke yake.